Rubani Nyuma ya Kirago

Majina nayajua. Nisimamishe sokoni Baraka, mji wa kando ya ziwa, nitakuambia mama yule anaitwa nani, mama yake aliitwa nani, na hata mbuzi wao aliyeliwa siku ya ubatizo aliitwa nani, maana Mama Sifa alimpa mbuzi jina, kiisha akamlilia kuliko alivyomlilia shemeji yake. Lakini jina la mtu ninayetaka kumwandika hapa sitalitaja. Sijalisahau. Ni mukwe. Mtoto wangu Riziki ameolewa na mtoto wake Wilondja, na kwetu jina la mukwe halipiti mdomoni. Halipiti siku ya furaha, halipiti siku ya msiba, na kwenye karatasi hii pia halitapita. Watu wa Baraka walimwita Mwenye Mchezo. Mimi namwita Mukwe, inatosha.

Tena si jina tu. Mukwe hamtazamani. Mukwe hamli sahani moja. Ukimsikia anakuja unapisha, naye akikusikia anapisha. Kwa hiyo ukiniuliza pua yake ilikuwa ya namna gani, nitakuwa nabahatisha. Nimejuana naye tangu Riziki alikuwa bibi arusi mwembamba mpaka leo Riziki anahesabu wakwe zake mwenyewe, na ninachokijua vizuri cha mtu yule ni mgongo wake na sauti yake. Mgongo ulikuwa wa sweta ya kijani, joto lolote. Sauti ndiyo nataka kuisema.

Nilipokuwa nikishuka kutoka Fizi kuja kusalimia, Mukwe alikuwa anakohoa kwanza pale kwenye uzio. Kikohozi kimoja kifupi, kama mtu anayegonga mlango kwa koo. Hicho ni kikohozi cha kupisha, wakwe tu ndio wanakijua. Basi mimi naingia chumba cha ndani, yeye anachukua kiti chake, anakigeuza, anakaa akitazama ukuta. Katikati yetu Riziki anatundika kirago. Hapo sasa tunaweza kuongea, ila tunaongea kwa kumtuma mtu.

“Riziki, mwambie mukwe mvua ya Fizi tumeisikia mpaka huku.”

“Riziki, mwambie mukwe mvua ilikuwa na mawe, imepiga maharagi yote.”

“Mwambie mukwe pole.”

“Mwambie mukwe aksanti.”

Na Riziki kule jikoni, penye majani yake ya muhogo, anapiga kelele: “Musikilizane benyewe! Miye niko na sombe kwa moto!”

Tulikuwa tunacheka, yeye upande wake, mimi upande wangu. Na pale nyuma ya kirago Mukwe alikuwa anasema kama watu wa Lubondja wanavyosema, kama baba zetu walivyosema. Maneno mazito, anayavuta moja moja kama mtu anayepanda kilima na kiloba cha muhogo kichwani, na kila akifika mwisho wa neno anatua mzigo kidogo. Nilikuwa naipenda sauti ile. Ilinirudisha shambani.

Lakini akitoka nje tu, akifika kibandani kwake, mdomo ulibadilika. Mukwe alikuwa fundi wa redio. Kibanda chake kilikuwa upande wa wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, na redio zilizokufa za Baraka nzima zilifikia pale, nyingine zimefungwa kwa mpira wa baiskeli, nyingine zimejaa mende. Mteja akifika, Mukwe anamjibu kwa Kiswahili cha kitabu: “Karibu, ndugu. Chombo chako kina tatizo gani?” Laini kabisa, kama mtangazaji wa ng’ambo ya ziwa. Watu walidhani amezaliwa Kigoma. Hata watoto wake walidhani hicho ndicho kinywa chake, na kile cha nyuma ya kirago ni cha kuheshimu wakwe tu.

Siku moja nilituma swali. “Riziki, muulize mukwe juu ya nini kule sokoni anavaa mdomo wa batu bengine.”

Nilisikia kiti chake kikilia. Nikadhani nimekosa adabu. Kiisha akajibu mwenyewe, bila kumtuma mtu.

“Wakati tulikimbia vita, mukwe, nilikaa kambini ng’ambo. Kila nikiomba kitu, mwenye kugawa anasema: sema tena, sikuelewi. Naomba sabuni, sema tena. Naomba dawa ya mtoto, sema tena. Batu nyuma yangu banacheka. Nikasema basi, huu ulimi nitaufungia ndani ya nyumba.”

Riziki alileta chai, tukanywa, kila mtu na ukuta wake.

Nimelileta hilo mapema kwa sababu bila hilo hutaelewa mchezo wake.

Mchezo ule uliitwa Maji ya Nyota. Ulikuwa unapita redioni kila Jumamosi alasiri, siku ya posho, wakati soko limejaa. Mukwe alinieleza ulivyoanza. Alisema redio zote anazotengeneza zinamletea habari za vyombo vya watu wengine vinavyokwenda mwezini na kupita mwezi. “Na siye, mukwe? Chombo chetu kiko wapi?” Akakaa, akakitunga. Chombo chetu kinakwenda kwenye nyota, lakini hakinywi mafuta, maana mafuta Baraka ni shida hata ya pikipiki. Kinanywa maji. Kwa hiyo lazima kitue hapa na pale kuchota, na anayekiongoza, Rubani, ndiye anayeonja kwanza kama maji ni mazima. Na akishaonja maji ya mahali, anasema kama watu wa mahali. Hiyo ndiyo sheria ya mchezo. Ukisikia Rubani amebadilika sauti, ujue ameonja maji mapya.

Mlio wa chombo ulikuwa cherehani ya Wilondja na bidoni tupu, dumu la maji. Nilikuwa najua ni cherehani, nimeshonewa nguo kwa cherehani ileile, na bado kilipopaa nilikuwa nashika ukuta.

Rubani wa kwanza alikuwa mwalimu Ebinda wa Fizi. Kijana safi, mwenye shati lililopigwa pasi, mwenye Kiswahili cha taarifa ya habari. Watu walimsikiliza kwa heshima, namna wanavyosikiliza matangazo ya kanisa, huku wanachambua maharagi. Rubani anaanguka kwenye moto wa jua, Mama Sifa anauliza nani amechukua ungo wake. Ndivyo ilivyokuwa. Ebinda alipopewa shule ya kuongoza, hakuwa tena na nafasi ya kuwa Rubani. Alibaki kucheza watu wabaya tu, na kwa ubaya alikuwa mzuri sana.

Basi ikabidi Mukwe atafute Rubani mwingine. Waliitwa watu waje waseme. Walikuja! Alikuja Etabo wa pikipiki, alikuja Furaha wa kwaya, alikuja Malumbe mwenye miwani, na ndugu yake asiye na miwani. Na wote, Mukwe alinisimulia kwa uchungu, wote walikuja wameosha midomo. Kila mmoja anasema kama Ebinda. “Nawasikia kama debe moja linapigwa na fimbo mbalimbali,” alisema. Na alipowatazama ikawa mbaya zaidi: huyu anamjua baba yake, huyu ana nguo nzuri, yule ni wa kabila fulani na watu watasema nini.

Ndipo alipofanya jambo ambalo halifanyiki popote ninapopajua. Alitwaa kirago cha nyumbani, kile kilekile chetu, akakitundika chumbani kwenye kituo cha redio. Akaweka kiti, akakigeuza. Akawaambia: “Kuanzia leo, kila mmoja wenu ni mukwe wangu. Sikutazami. Pita nyuma, useme.”

Na hakuwapa karatasi wasome. Aliwapa jaribio moja. Umealikwa mahali, umekula, umeshiba. Mwenye nyumba anakuongezea bugali. Kataa. Hiyo tu. Alisema mtu akikataa chakula kwa heshima anasema kwa ulimi aliofundishwa na mama yake; hakuna shule inayofundisha kukataa bugali.

Foleni ikatoka mlangoni mpaka barabarani. Na wewe unajua Baraka: watu wakiona foleni hawaulizi, wanasimama. Foleni kwetu maana yake kuna kitu kinagawiwa. Nabindu wa Kazimia alikuwa ameshuka kwenye boti na mabeseni yake ya ndagala. Akaona foleni, akaweka mabeseni chini, akasimama. Alidhani ni sabuni. Akasogea, akasogea, akafika, akaambiwa pita nyuma ya kirago. Akapita.

Sauti ya Mukwe ikamwambia: “Mama, umeshiba. Mwenye nyumba anakuongezea bugali. Kataa.”

“Nikatale?” Nabindu akasema. “Nikatale? Nimesimama kwa jua yote hii, ndagala yangu inaoza kule inje, kusudi nikuje kukatala? Weye baba, uko muzima? Leta iyo bugali! Na kama iko na sabuni, leta na sabuni!”

Mukwe alianguka na kiti. Sisemi kwa mfano, alianguka kweli, Alimasi diretere, mkubwa wa redio, ndiye aliyemwinua. Na alipoinuka alisema, “Huyo.”

Jumamosi iliyofuata Rubani alitua, akaonja maji, akaguna, akasema kwa mdomo wa Kazimia, ule wa kurusha neno kama unamwita mtu aliye kwenye boti nyingine: “Iyi mayi iko na chumvi, lakini tutafanya nini?” Soko lilisimama. Hakuna aliyetafuta ungo. Kuanzia siku ile, watu walikuwa wanakimbia siku ya posho ili wafike penye redio kabla cherehani haijaanza kulia.

Ukimsifu Mukwe alikuwa anakasirika. Mama mmoja alimletea kuku kwa shukrani, akamrudisha kuku. Kuku akarudi mwenyewe, akataga chini ya kiti chake, na Mukwe akasema basi huyu ni mfanyakazi, akabaki. Alikuwa mpole kwa wagonjwa na mkali kwa wapiga miluzi. Alikuwa anaweza kusikia mtu akipita barabarani akasema, “Huyo mama yake ni wa Mboko na amelelewa Fizi,” bila kugeuka. Lakini aliyeshinda akiwaambia watu wafungue midomo yao ya nyumbani, yeye mwenyewe hakuthubutu kusema neno moja kwenye mikrofoni. Hata kutangaza jina la mchezo alimpa Ebinda. Nilimtumia swali hilo pia kwa Riziki. Jibu lilirudi: “Mwambie mukwe fundi wa redio haingii ndani ya redio.” Nikajua bado sauti ile iko kifungoni.

Kiisha Nabindu akahamia Kalemie kwa binti yake. Hapo ndipo mchezo ulikaribia kufa, na mengi niliyaona au nilisimuliwa siku ileile, kwa sababu mwezi ule nilikuwa Baraka kwa uzazi wa Riziki.

Kirago kikatundikwa tena. Na nyuma yake akapita Domitila. Domitila alikuwa Murundi, mkimbizi wa kambi ya huku upande wetu wa ziwa, mama wa watoto wanne, alikuwa analima shamba la watu kule upande wa kambi. Yeye hakuja kwa makosa. Alikuja akijua. Alitembea tangu alfajiri, akaosha miguu kwenye mfereji, akaingia.

“Umeshiba,” Mukwe akamwambia. “Mama mwenye nyumba anakuongezea. Kataa.”

Domitila akasema polepole, na kila l yake ikigeuka r kama kwao:

“Hapana, mama. Ukinipa yote, kesho batoto batakura nini? Funika. Iyo chakura ni ya mwenye atakuja nyuma yangu.”

Mukwe hakuanguka na kiti safari hii. Alivua sweta. Nimeambiwa na Alimasi mwenyewe: alivua sweta ya kijani, akafuta nayo uso, akasema, “Huyo.”

“Mwenye Mchezo,” Alimasi akasema, “umesikia namna anasema?”

“Nimesikia.”

“Batu batakatala.”

“Wakatae chakula. Rubani hawatamkataa.”

Alimasi si mtu mbaya, nisimseme vibaya. Alikuwa na hofu. Alikuwa na mpwa wake aliyesoma Bukavu, mwenye Kiswahili cha kuteleza, na alikuwa na vijana wanaotaka saa ile ya Jumamosi iwe ya muziki. Akasema: “Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Simu zikiwa za matusi, saa inakwenda kwa muziki, na Maji ya Nyota yanakauka.” Wakapeana mikono. Kwa hiyo sasa mtu mzima na kazi yake yote ya maisha, na mama wa kambini na ulimi wake, walikuwa wamekaa juu ya mwezi mmoja.

Jumamosi ya kwanza Rubani alitua, akaonja maji, akasema, “Aya mayi ni matamu, turare hapa.” Sokoni watu walitazamana. Mama Sifa, ambaye ndiye mdomo wa soko, akapiga beseni.

“Aba! Rubani amekuwa mukimbizi?”

“Turare!” mwingine akadakia. “Rurare, turare, chakura! Ameonja mayi ya wapi huyu?”

Simu zikapigwa redioni. Matusi, ndiyo. “Siye hatutaki Rubani wa kambi.” “Mutuletee Nabindu.” Jumamosi ya pili ikawa vilevile, ila nikagundua jambo. Walitukana, lakini hakuna aliyezima redio. Nikamwambia Riziki amwambie Mukwe: “Mwambie mukwe wanamtukana wakiwa wamesogea karibu.” Akajibu kutoka upande wake, kwa sauti ile ya Lubondja iliyochoka: “Mwambie mukwe aksanti. Mwambie nimeandika cha mwisho wa mwezi. Kama ni kuzikwa, tuzikwe vizuri.”

Siku hiyo ya mwisho nilikwenda mwenyewe sokoni. Nilikaa kwa wauza ndagala, kati ya Mama Sifa na Neema wa chumvi. Redio zote zilikuwa wazi, redio zilizopita mikononi mwa Mukwe. Cherehani ikalia. Chombo kikatua kwenye nyota yenye mlango wa chuma, maana chombo kilikuwa kimekaukiwa na ndani kuna watoto wamebebwa kutoka nyota iliyoungua. Rubani akagonga. Akaitika mlinzi, na mlinzi alikuwa Ebinda, na Kiswahili chake kilikuwa safi kama kisu.

“Nani hapo?”

“Ni Rubani. Tunaomba mayi. Niko na batoto, barikuwa kwenye moto.”

“Sema tena. Sikuelewi.”

Mimi nikashika mkono wa Neema. Nilijua neno lile lilitoka wapi.

“Tunaomba mayi,” Domitila akasema. “Ya batoto.”

“Sema tena. Kama unataka mlango ufunguliwe, sema kama sisi tunavyosema. Sikuelewi.”

Soko zima unasikia maji ya ziwa tu na kuku mmoja. Baadaye nilikuja kujua kwamba Mukwe alikuwa amemwandikia hapo maneno ya kuomba, ya kulia na kupiga magoti. Domitila hakuyasema. Aliweka karatasi chini. Akasema taratibu, bila hasira, kama mama anayemwambia mtoto avae viatu:

“Umenierewa, baba. Kama hukunierewa, haungekasirika.”

Sijui nikuelezeje. Mama Sifa aliinuka. Yuleyule. Alichukua beseni, ndagala zikamwagika, akapiga beseni kwa ngumi mbele ya redio, akapaza sauti kwa mlinzi wa nyota kana kwamba amejificha ndani ya betri:

“Mufungulie! Amesema mayi! Mayi njo mayi! Umesikia, mushenzi weye? Fungua mulango!”

“Fungua!” Neema akasema.

“Fungua!” wauza muhogo wakasema, na wauza mawese, na watu wa pikipiki wakapiga honi. Soko zima la Baraka linaamuru mlango wa nyota ufunguliwe kwa mama mkimbizi. Na kule redioni Ebinda, ambaye alitakiwa kukataa mara moja tena, aliwasikia watu kupitia dirishani. Ebinda mwenyewe alinihadithia: aliruka maneno yake, akasema, “Nimekuelewa. Pita.” Cherehani ikalia kwa furaha. Soko likapiga vigelegele mpaka mtoto mchanga wa Riziki akaamka kule nyumbani.

Simu zilipigwa mpaka mangaribi. Alimasi alitoka nje akiwa ameshika kichwa, akamwambia Mukwe: “Mwenye Mchezo, mpwa wangu nitamtafutia kazi ya muziki saa nyingine.” Na wiki iliyofuata batoto wote wa Baraka, Wabembe, Wafuliiru, wote, walikuwa wanasema chakura. Mwalimu anasema chakula, wao chakura. Mama Sifa akamletea Domitila beseni zima la ndagala kambini, kwa miguu, na akamwita dada mbele ya watu.

Domitila alikuwa Rubani miaka mingi kuliko wote. Na sasa nafika kwenye siku ya mwisho niliyotaka kuisema.

Mukwe alizeeka. Kifua kikawa kibovu, kibanda akamwachia Wilondja. Kiti chake cha kugeuza alimpa Domitila. “Wewe ndiye utasikia sasa,” alimwambia, kwa kile Kiswahili chake cha kitabu. Na Domitila naye, nchi yao ilipomwita, akaanza kufunga vitu vyake. Lakini akasema haondoki kabla hajaacha Rubani.

Jaribio likafanyika nyumbani kwa Mukwe, maana redio walikuwa wanapaka rangi. Nilikuwa nimeshuka kusaidia kupika. Kirago kilikuwa kilekile, kimeshonwa pembeni kwa uzi mwekundu. Domitila alikaa amegeuka, Alimasi na Ebinda kando yake, na mimi nilikaa mlango wa jikoni nikisonga bugali. Na waliokuja siku ile hakuna aliyeosha mdomo. Huyu wa Fizi anasema kifizi, huyu wa Kazimia anarusha maneno, kijana wa ng’ombe kutoka milimani juu anasema kama watu wa milimani juu, na msichana wa kambini anasema chakura bila kuona haya. Nilisema moyoni, Mukwe sikia hii. Lakini kiti chake cha uani kilikuwa kitupu. Nikadhani amelala.

Kisha upande wa pili wa kirago nikasikia kikohozi. Kimoja. Kifupi. Kikohozi cha kupisha.

Mwiko ukasimama mkononi.

“Karibu, baba,” Domitila akasema. “Umeshiba. Mama mwenye nyumba anakuongezea bugari. Katara.”

“Bugali ya nini?”

Ilikuwa sauti ya Lubondja. Nzito, ya kiloba kichwani. Alimasi akamtazama Ebinda, Ebinda akainua mabega. Walikuwa wamefanya kazi naye maisha yao yote na mdomo ule hawakuwahi kuusikia.

“Ya muhogo, baba.”

“Na nini?”

“Na samaki ya mukeke.”

“Leta.”

“Baba, tunasema ukatare.”

“Nimekatala, mama.” Alipumzika, akatua mzigo. “Nimekatala ng’ambo ya ziwa, nimekatala sokoni, nimekatala mbele ya batoto yangu, kwa mudomo ya batu bengine. Leo niko na njaa. Leta.”

“Ameshindwa jaribio,” Alimasi akasema. “Mwingine.”

Domitila akainua mkono bila kugeuka. Machozi yalikuwa yanamshuka na alikuwa anacheka. “Hakuna mwingine. Ameshindwa, na njo Rubani. Rubani muzee, amerudi kuonja mayi ya kwao. Huyu baba ni wa wapi?”

“Wa Lubondja,” nikasema kutoka jikoni.

“Mama, unamujua?”

“Namjua.”

“Anaitwa nani?”

Jina lilikuja mpaka hapa, kwenye meno. Mimi ninayejua majina yote. Nililishika, nikalirudisha.

“Siwezi,” nikasema. “Ni mukwe.”

Wakaelewa wote kwa mara moja. Ebinda akapiga kelele kama mtoto, Alimasi akakimbia akavuta kirago, na mimi nikageuza uso wangu ukutani kama inavyotakiwa, kwa hiyo hata siku ile sikumwona. Lakini nilisikia. Nilisikia wanamwinua na sweta yake, nilisikia Domitila anamwita baba, nilisikia Wilondja mlangoni akiulizia baba yake, “Huyu anayesema ni papa?”

Siku ya posho iliyofuata chombo kilitua Lubondja. Rubani alionja maji, akasema kwa ulimi wa baba zetu: “Haya mayi nayajua.” Soko likaulizana huyu mpya ni nani, na kila mtu akanigeukia mimi. Nikawaambia wamuulize mtu mwingine.

Jioni ile nilisonga bugali ya muhogo, nikamweka mukeke juu, mkubwa, nikampa Riziki avushe upande wa pili wa kirago. Nikakaa na ukuta wangu, nikamsikiliza akila. Nikangoja mpaka vidole vikanyamaza.

“Riziki,” nikasema, “muulize mukwe kama ameshiba.”

“Riziki,” akasema yeye, “mwambie mukwe alete tena.”